MAMA MWENYE UGONJWA WA SUKARI NA KAZI YA MIGUU YAKE



Mama wa namna hii huonekana katika kila hospitali. Umri wake umepita miaka arobaini. Ana ugonjwa wa sukari. Humeza dawa zake kila siku bila kusahau, na chai yake haitii sukari tena. Lakini kila mwezi akija kupimwa, karatasi yake huonyesha 220, au 240, wala haishuki. Ndipo huuliza kwa uchungu, «Munganga, nimekosa wapi? Nimetii yote.»

Mara nyingi mama huyu hakukosa kwa dawa. Limebaki jambo moja ambalo hakuna aliyemweleza vizuri. Tangu asubuhi hukaa sokoni juu ya kiti kidogo, mbele ya unga wake na samaki wake. Jioni hurudi kwa pikipiki, hupika, hula bukari, kisha hulala. Miguu yake haijafanya kazi. Somo letu la leo ni hili: kazi ya miguu ina nguvu gani juu ya sukari ya damu, na jinsi gani mama mgonjwa aweza kuifanya bila kujiletea hatari.

1. SUKARI HUPITAJE NDANI YA MWILI?

Tukila bukari, ndizi, wali au viazi, tumbo huvigeuza kuwa sukari, na sukari huingia katika damu. Hilo si ugonjwa. Sukari ni chakula cha mwili, kama vile kuni ni chakula cha moto. Lakini haifai kubaki katika damu. Imeipasa kuingia ndani ya nyama za mwili, yaani misuli, ipate kutumika.

Fikiri mto mkubwa. Ng'ambo hii mizigo ya chakula imefika. Ng'ambo ya pili kuna kijiji chenye njaa. Wako wapiga kasia wanaovusha mizigo kwa mitumbwi. Wapiga kasia hao ni mfano wa insulini, dawa ambayo mwili wenyewe huitengeneza katika kiungo kiitwacho kongosho, nyuma ya tumbo. Wakivusha vizuri, kijiji hula na kivuko hubaki safi. Mizigo isipovushwa, hurundikana kivukoni, huoza, na huharibu mahali pote. Ndivyo ilivyo sukari ikibaki katika damu miaka mingi: huharibu macho, figo, mishipa ya miguu, na moyo.

Kuna aina mbili kubwa za ugonjwa huu. Katika aina ya kwanza, wapiga kasia wametoweka. Kongosho haitengenezi insulini tena, au hutengeneza kidogo sana. Mgonjwa huyo huishi kwa sindano ya insulini. Katika aina ya pili, ambayo ndiyo ya watu wazima wengi, wapiga kasia wako, lakini kijiji kimekuwa kigumu kuwafungulia. Huita na kuita, wala bandari haifunguki upesi. Mafuta mengi tumboni na misuli isiyofanya kazi huzidisha ugumu huo.

2. KUTEMBEA HUFANYA NINI?

Hapa pana habari njema. Misuli ikifanya kazi, haingoji wapiga kasia peke yake. Kila msuli una mitumbwi yake iliyofichwa ndani. Mama akitembea kwa nguvu, misuli ya mapaja na ya miguu huisukuma mitumbwi hiyo hadi ukingoni, nayo huchukua sukari kutoka katika damu, hata kama insulini haisikiwi vizuri. Kwa sababu hiyo, mama aliyepimwa baada ya kula, akatembea nusu saa, akapimwa tena, mara nyingi hukuta sukari imeshuka.

Tena, faida haiishi hapo aketipo. Baada ya kazi, misuli hutaka kujaza ghala yake iliyotumika. Kwa muda wa siku moja, hata siku mbili, huifungulia insulini upesi kuliko kwanza. Kisha bandari huanza kufungwa tena. Basi utaona kwa nini waganga hushauri kwamba mgonjwa asipitishe siku mbili mfululizo bila kutembea. Kazi ya Jumamosi peke yake haiwezi kulinda hata Jumamosi nyingine.

Mtu akiendelea hivi majuma na miezi, mambo mengine hubadilika pia. Presha ya damu hushuka kidogo. Mafuta mabaya ya damu hupungua. Moyo hupata nguvu ya kusukuma damu bila kuchoka. Mafuta yaliyozunguka ini na matumbo, ambayo ndiyo mabaya kuliko yote, hupungua hata kabla nguo hazijalegea. Usingizi huwa mzuri, na huzuni hupungua.

3. JE, MAMBO HAYA YAMEJARIBIWA?

Ndiyo, yamejaribiwa kwa watu wengi.

Katika mji wa Da Qing, nchi ya China, waganga walianza mwaka 1986 kuangalia watu 577 ambao sukari yao ilikuwa imepanda, lakini haijafika kuwa ugonjwa. Waliwagawa makundi. Baada ya miaka 6, katika kundi lisilopewa mafundisho ya pekee, karibu watu 68 katika kila 100 walikuwa wameshikwa na ugonjwa wa sukari. Katika kundi lililofundishwa kufanya kazi ya mwili, walikuwa karibu 41 katika kila 100. Mji ni ule ule, miaka ile ile. Tofauti ni mwendo wa maisha.

Katika Marekani, watu 3,234 waliokuwa karibu kushikwa na ugonjwa huu walijaribiwa pia, na katika kila watatu, wawili walikuwa wanawake. Kundi moja lilifundishwa kutembea kwa nguvu dakika 150 kila juma na kupunguza uzito kidogo. Habari zake zilitolewa mwaka 2002. Kundi hilo lilipunguza ugonjwa kwa 58 katika mia, likilinganishwa na waliopewa dawa isiyo na nguvu yo yote. Kundi lililomeza metformini lilipunguza kwa 31 katika mia. Miguu ilishinda kidonge.

Lakini na wale waliokwisha kuugua? Mwaka 2001 waganga walikusanya majaribio 14 ya wagonjwa wa aina ya pili. Kuna kipimo cha damu kinachoonyesha hali ya sukari kwa miezi mitatu hivi iliyopita. Katika wagonjwa waliofanya kazi ya mwili, kipimo hicho kilikuwa chini kwa karibu 0.66 kuliko kwa wengine. Kwa macho ni kidogo. Kwa mishipa ya macho na ya figo si kidogo. Nalo jambo la kushangaza ni hili: uzito wa makundi yote mawili haukuachana sana. Sukari ilishuka ingawa mwili haukukonda.

Mama, shika neno hilo. Wengi katika nchi yetu huogopa kukonda. Mama akipungua, majirani hunong'ona kwamba ana SIDA, au kwamba mume wake hamtunzi. Kwa hiyo wengine hukataa kutembea. Sasa ujue kwamba kutembea kunakusaidia hata usipokonda. Na kama una mafuta mengi tumboni, kuyapunguza kidogo ni afya, wala si aibu. Baba, mke wako akisemwa vibaya, wewe ndiwe wa kumtetea.

4. KWA NINI TUNASEMA NA AKINA MAMA HASA?

Ziko sababu nne.

Ya kwanza, moyo. Kwa kawaida mwanamke ambaye bado anaona siku zake hapatwi upesi na ugonjwa wa moyo kama mwanamume wa umri wake. Ugonjwa wa sukari humwondolea sehemu kubwa ya kinga hiyo. Basi imempasa kuulinda moyo wake, na kutembea ni ulinzi mmojawapo.

Ya pili, mimba. Wako akina mama ambao sukari yao hupanda wakati wa mimba, kisha hushuka baada ya kuzaa. Wao hufurahi na kusahau. Wasisahau! Mama huyu yuko katika hatari ya kushikwa na ugonjwa wenyewe baadaye kuliko mama mwingine. Apimwe tena majuma 6 hadi 12 baada ya kuzaa, kisha asipitishe miaka mitatu bila kipimo. Na asiache kutembea.

Ya tatu, kukoma kwa siku za mwanamke. Wakati huo mafuta huhama kutoka mapajani kwenda tumboni, na misuli hupungua. Mama hula kama zamani, lakini sukari hupanda.

Ya nne, nafasi. Mwanamume akitembea jioni, hakuna amwulizaye. Mama akitembea bila ndoo wala kikapu, watu huuliza, «Anakwenda wapi?» Kwa ajili hii wengi huacha.

5. «LAKINI MIMI HUFANYA KAZI TANGU ASUBUHI!»

Ni neno la haki, nalo linafaa kujibiwa. Mama wa kijijini apandaye mlima na jembe lake, achotaye maji mbali, atwangaye sombe na mihogo, tayari hufanya kazi ya mwili. Kazi hiyo huhesabiwa. Hatumwambii aongeze mzigo juu ya mzigo. Tunamwambia alinde chakula chake, dawa zake na miguu yake, na wakati wa mvua usioruhusu shamba, asikae tu.

Lakini si kila uchovu ni kazi ya mwili. Mama aliyekaa sokoni kutwa huchoka kwa jua, kwa kelele, na kwa mahangaiko ya deni, wala misuli yake haikutumika. Mama aliyehamia Goma, Bukavu au Bunia, aliyeacha shamba lake kwa sababu ya vita, huendelea kula kama mkulima, huku akiishi kama mtu wa kiti. Huyo ndiye hasa tunayemwandikia.

Utajuaje kama mwendo wako unatosha? Tumia kipimo cha wimbo. Ukitembea na unaweza kuimba bila shida, mwendo ni mdogo, ongeza. Ukiweza kusema na mwenzako, lakini huwezi kuimba, mwendo ni mzuri. Usipoweza hata kusema, umezidisha, punguza.

6. NAMNA YA KUANZA

Usianze kwa nguvu nyingi. Fanya hivi:

Juma la kwanza: tembea dakika 10 baada ya chakula cha jioni, kungali mwanga. Basi.

Juma la pili: dakika 10 baada ya chakula mara mbili kwa siku.

Juma la tatu: dakika 15 mara mbili kwa siku.

Juma la nne na kuendelea: dakika 30 kwa siku, siku 5 katika juma. Hesabu yake ni dakika 150. Unaweza kuzitembea pamoja au kuzigawa.

Kutembea baada ya kula kuna faida ya pekee, kwa maana ndipo sukari inapopanda. Ukimaliza kuosha sahani, ondoka. Kama njia ni mbaya au si salama, tembea ndani ya uwanja wa kanisa au wa shule, au piga hatua mahali pamoja nyumbani, ukiinua magoti. Kucheza ngoma kwa nusu saa pia ni kazi nzuri. Tena mara mbili kwa juma imarisha misuli: keti juu ya kiti kigumu, simama bila kushika kwa mikono, keti tena, mara 10. Pumzika, rudia.

Usitembee peke yako. Mama wawili au watatu wakikubaliana saa moja ya kuondoka, wataendelea. Mmoja akitaka kulegea, mwenzake atagonga mlango. Na watu wakiuliza, «Mnakwenda wapi?», jibu liwe wazi: «Tunapunguza sukari.» Baada ya mwezi mmoja wengine watawafuata.

7. HATARI ZA KUANGALIA

Sukari kushuka mno. Mama anayejichoma insulini, au anayemeza vidonge vya namna ya glibenklamidi, aweza kushukiwa na sukari wakati wa kazi, au saa nyingi baadaye, hata usiku. Anayetumia metformini peke yake hapatwi na jambo hili kwa urahisi. Dalili zake ni kutetemeka, jasho la baridi, njaa ya ghafula, moyo kupiga mbio, maneno kuchanganyika. Wengine hudhani amelewa, au amepagawa, na saa hupotea bure. Mpeni upesi vijiko 3 vidogo vya sukari katika maji. Ngojeni dakika 15. Kama hajapona, mpeni tena. Akipata nafuu, ale chakula. Lakini kama amezimia, msimtilie kitu kinywani, asije akapaliwa. Mlazeni ubavu na kumpeleka hospitali mara moja.

Kwa hiyo, mama wa dawa hizo asitembee akiwa na njaa, wala asiende shambani kabla ya kula. Achukue sukari kidogo katika kitambaa chake kila siku. Kama ana mashine ya kupima na sukari iko chini ya 90, ale kitu kwanza. Asichome insulini katika paja wakati anapotaka kutembea. Tumbo ni mahali pazuri zaidi.

Sukari kuwa juu mno. Kama kipimo kimepita 250 na mwili ni mgonjwa, yaani una kutapika, homa, au kupumua kwa shida, usitembee. Nenda hospitali. Mgonjwa wa aina ya kwanza aliyekosa insulini asifikiri kwamba kutembea kutachukua mahali pake. Bila insulini, kazi ya nguvu yaweza kuipandisha sukari zaidi.

Miguu. Sukari huua hisia za miguu. Mwiba au jiwe dogo huingia, mama hasikii, na kidonda hukua mpaka mguu kukatwa. Usitembee peku hata kidogo, wala kwa kiatu kinachobana. Vaa kiatu kinachofunika vidole. Kabla ya kuvaa, tia mkono ndani uone kama kuna kitu. Kila jioni osha miguu, kausha katikati ya vidole, na mwambie mtoto wako aangalie nyayo. Ukiona kidonda, hata kidogo, acha kutembea na uje kuonyesha.

Moyo na macho. Ukisikia maumivu kifuani, au pumzi kukatika, au kizunguzungu, keti, kisha uje hospitali. Mama ambaye macho yake yamevuja damu ndani kwa ajili ya sukari aulize kwanza, wala asiinue mizigo mizito.

Mama mwenye mimba aweza kutembea, na kutembea humsaidia, ila aonane na mkunga wake kwanza. Akiona damu au maumivu ya tumbo, aache.

8. USIACHE DAWA

Neno hili ni la mwisho, lakini ni kubwa. Wako waliotembea, wakapata nafuu, wakatupa vidonge. Baada ya miezi wakarudi wakibebwa. Wako pia walioambiwa kwamba kumeza dawa ni kukosa imani. Wasidanganyike. Kutembea hakufukuzi dawa. Huifanya dawa ifanye kazi vizuri. Kama sukari yako inashuka kwa sababu unatembea, munganga ndiye atakayepunguza dawa, si wewe mwenyewe wala jirani.

Yule mama wa karatasi ya 240 hakukosa utii. Hakufundishwa tu. Kama wewe ni yeye, anza leo jioni, dakika 10 tu, pamoja na jirani yako. Andika siku hiyo nyuma ya karatasi yako ya hospitali. Baada ya miezi mitatu uje upimwe, tusome pamoja.

MASWALI YA KUJIBU

1. Insulini hufanya kazi gani mwilini?
2. Kwa nini haifai kupitisha siku mbili mfululizo bila kutembea?
3. Je, kutembea kunamsaidia mama hata asipokonda? Eleza.
4. Kipimo cha wimbo ni nini?
5. Dalili za sukari kushuka mno ni zipi, na utafanya nini?
6. Mama aangalie nini katika miguu yake kila jioni?
7. Nani apaswaye kupunguza dawa?